Kiswahili Kimeingia Kwenye Gemu, Wasemaji Wake Hawajaingia Kwenye Hesabu

Aliyecheza michezo ya video kwa muda mrefu amekwisha kukisikia Kiswahili humo, ila si pale alipokitarajia. Mwaka 2005 Civilization IV ilifunguka kwa kwaya ikiimba Sala ya Bwana. Wimbo huo, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Ni wimbo mzuri, na kwaya nyingi duniani zinauimba hadi leo. Lakini uko kwenye ukurasa wa kuanzia. Ukishabonyeza kitufe na mchezo kuanza, Kiswahili kimeishia hapo.

Mwaka 2009 Capcom ya Japani ilikuwa imetoa Resident Evil 5. Safari hii Kiswahili kilisikika kwa saa nyingi, ila kilitoka vinywani mwa watu walioingiwa na vimelea, wanaopiga mayowe na kukimbilia mchezaji na mashoka. Waliitwa Majini. Mji wao, Kijuju, ni wa kubuni, na umewekwa Afrika Magharibi, ambako Kiswahili si lugha ya wenyeji. Sheva Alomar, Mwafrika anayepigana upande wa wema, yeye anazungumza Kiingereza. Mgawanyo huo mimi nausoma hivi: mwema apewe lugha ambayo mnunuzi anaielewa, adui apewe lugha ya kumtisha. Kwa mtoto wa Tanga au Mombasa aliyeshika pedi, waliokuwa wakimtukana kwa lugha ya mama yake ndio hao hao aliotakiwa kuwapiga risasi.

Ndiyo maana tarehe 23 Aprili 2024 naihesabu kuwa tarehe kubwa. Siku hiyo ulitoka Tales of Kenzera: ZAU, mchezo wa mapambano na safari uliotengenezwa na studio ya Uingereza iitwayo Surgent Studios na kuchapishwa na EA, kampuni kubwa ya michezo ya Marekani, kwa PlayStation 5, Xbox Series, Nintendo Switch na kompyuta. Ukiingia kwenye mipangilio ya lugha unaweza kuchagua sauti za Kiswahili. Kuanzia hapo shujaa anazungumza Kiswahili, na wanaozungumza naye wanamjibu kwa Kiswahili.

Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kilifika pale kwa uamuzi wa mtu mmoja aliyefiwa na baba yake, na kinaweza kuondolewa kimyakimya na jedwali la mauzo ambalo Kenya na Tanzania hazimo ndani yake. Wengi walioandika kuhusu mchezo huu wamelieleza vizuri hilo la kwanza. La pili halijasemwa ipasavyo.

Mtu huyo ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya. Wapenzi wa michezo walimfahamu kwanza mwaka 2017 kwa sauti ya Bayek, shujaa wa Assassin's Creed Origins. Watazamaji wa runinga walimwona kwenye Raised by Wolves, kisha akiwa Alyn katika House of the Dragon. Baba yake ndiye aliyemwonjesha michezo ya video, na ndiye aliyemsimulia hadithi. Baba huyo alifariki kwa saratani. Salim amesimulia mara nyingi jinsi alivyotafuta kwa miaka njia ya kuusema msiba ule bila kupata chombo kinachotosha, hadi alipoona kwamba mchezo wa video ndio unaofaa, kwa sababu humo mtu haangalii tu mwingine akihangaika. Anahangaika mwenyewe, anaanguka, anarudia. Alianzisha studio mwaka 2019. Desemba 2023 alipanda jukwaani kwenye The Game Awards huko Los Angeles, mahali ambapo kwa kawaida watu hutangaza bidhaa, akazungumza juu ya kumpoteza baba.

Hadithi yenyewe ina tabaka mbili. Katika mji wa siku zijazo uitwao Amani, kijana Zuberi amefiwa na baba yake na ameachiwa kitabu alichokiandika marehemu. Anakifungua. Ndani yake yumo Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa, na ambaye anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa mapatano: nitakuletea roho tatu kubwa zilizokushinda, nawe unirudishie Baba. Kalunga anakubali, kisha anafuatana naye njia nzima.

Hilo la Kalunga kufuatana naye ndilo ninaloliona kuwa busara kubwa ya mchezo huu. Michezo mingi ingemfanya mauti kuwa adui wa mwisho, wa kupigwa mwishoni mwa kila kitu. Hapa mauti ni mzee mtulivu mwenye subira. Kuna mibuyu iliyosimama hapa na pale katika ramani, na Zau akiufikia mmoja anaweza kuketi chini yake akapumzika. Mapambano yanasimama. Kijana anazungumza: juu ya woga wake, juu ya hasira, juu ya Baba alivyokuwa. Kalunga anasikiliza na kumjibu. Kisha Zau anainuka akiwa na uhai mwingi kuliko aliokuja nao, kwa maana halisi kabisa ya mchezo, kwani kipimo chake cha uhai kimeongezeka. Waliobuni hapo hawakuhitaji kumweleza mchezaji kwamba kuzungumza juu ya marehemu kunamponya aliyebaki. Wameliingiza ndani ya kanuni za mchezo wenyewe, na mchezaji anajikuta akiutafuta mbuyu unaofuata.

Sikiliza maongezi hayo kwa Kiingereza, kisha yasikilize kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza ni kijana na mungu wakizungumza. Kwa Kiswahili nasikia kijana na mzee, na papo hapo uhusiano wao unabadilika. Kijana wetu akimpandishia mzee sauti, kila msikilizaji anajua kuna mpaka umevukwa, na mzee akinyamaza badala ya kumkemea, ukimya ule una uzito wake. Aliyekulia kwenye lugha hii haelezwi hayo. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema sauti za Kiswahili zilikuwa pambo la kuuzia mchezo. Pambo haligusi maana ya tukio, na hapa maana imeguswa.

Upande wa mikono, mchezo una vinyago viwili vinavyobadilishwa kwa kitufe kimoja hata katikati ya pambano. Cha jua ni cha kupigana kwa karibu, kwa moto. Cha mwezi ni cha kurusha kutoka mbali, na nguvu zake ni za baridi, kiasi kwamba Zau anaweza kugandisha maporomoko ya maji yakawa ukuta wa kupandia. Kubadilishana huko kunapokolea, mchezo unakuwa ngoma. Ni mchezo wa kutazamwa kwa ubavu, wenye ramani inayofunguka kidogo kidogo kila unapopata uwezo mpya, aina iliyojengwa na Metroid ya mwaka 1986 na Castlevania: Symphony of the Night ya mwaka 1997. Muziki wa Nainita Desai unaibeba hadithi bila kuifunika.

Nausifu, lakini haukukosa kasoro, na wahakiki waliozitaja hawakuuonea. Aina za maadui ni chache, kwa hiyo katikati ya safari mapigano yanaanza kufanana. Kuna sehemu za kukimbia mbio ambapo kosa dogo linakuua na kukurudisha nyuma mno, jambo linalokata pumzi ya hadithi iliyokuwa ikienda vizuri. Na kuna jambo moja linalotuhusu sisi zaidi: magazeti ya nje yaliutangaza kuwa mchezo wa ngano za Kibantu, lakini kati ya roho zile tatu, Impundulu, ndege wa radi, ndiye anayetoka kwa Wazulu na Waxhosa, ilhali GaGorib ni wa simulizi za Wakhoikhoi, ambao si Wabantu, na Kikiyaon anatoka Afrika Magharibi. Kuchanganya si dhambi, msimulizi ana ruhusa. Ila pwani yenyewe inayokizungumza Kiswahili tangu karne na karne, yenye majini, mashetani wa baharini na hadithi za visiwani zisizokwisha, haikupata hata roho moja. Lugha ya mchezo ni yetu. Viumbe wake wametoka kila upande isipokuwa kwetu. Natumaini atakayefuata ataliona pengo hilo kuwa ni mali.

Sasa tuje kwenye kutoka kwake sokoni, maana hapo ndipo penye funzo gumu.

Mchezo uliuzwa dola 20 za Marekani, bei ya huruma kwa kazi ya namna ile. Siku hiyo hiyo ya kutoka uliwekwa pia kwenye PlayStation Plus, huduma ya Sony ya kucheza michezo kwa usajili, kwa hiyo aliyekuwa na usajili wa daraja la Extra kwenda juu aliupata bila kununua. Uamuzi wa namna hiyo huleta wachezaji wengi kwa haraka, na mchapishaji hupokea malipo yake kwa mkataba. Lakini kwenye konsoli, yaani mashine ya kuchezea, ambayo huenda ndiyo yenye wapenzi wengi zaidi wa mchezo kama huu, sababu ya kununua ikapungua tangu siku ya kwanza. Juu ya hapo likaja kundi la watu mtandaoni lililouandama tangu ulipotangazwa, likidai kwamba shujaa mweusi amewekwa kwa shinikizo la kisiasa. Fikiria: mtu ameandika habari ya baba yake mzazi, wewe unamwambia ameiandika kwa shinikizo. Salim alijitokeza kwa video akaeleza matusi ya kibaguzi waliyoyapata yeye na wenzake, na bei ya mchezo ikapunguzwa ili watu zaidi waufikie.

Julai 2024 studio ikapunguza zaidi ya wafanyakazi kumi. Oktoba, timu yote ya michezo ikapewa notisi, huku Salim akitafuta hadharani mfadhili wa mchezo uliofuata, uliopewa jina la muda Project Uso, katika ulimwengu ule ule wa Kenzera.

Mwaka huo huo, mwezi Januari, Ubisoft ilikuwa imetoa Prince of Persia: The Lost Crown, kazi ya studio yake ya Montpellier, Ufaransa. Nao ni mchezo wa kutazamwa kwa ubavu, wa aina ile ile, na nao uliwekewa sauti za Kiajemi mwanzo hadi mwisho. Wahakiki waliusifu sana, pengine kuliko ZAU. Oktoba ile ile, habari zikatoka kwamba timu yake imetawanywa na watu wake kupelekwa kwenye miradi mingine. Basi ndani ya mwaka mmoja, Kiajemi na Kiswahili, lugha mbili zenye fasihi ya karne nyingi na wasemaji wengi mno, ziliingia kwenye michezo mikubwa ya konsoli kwa sauti kamili, na katika mwezi mmoja timu zote mbili zikawa zimevunjwa au ziko njiani kuvunjwa. Sisemi lugha ndiyo iliyowaponza. Mwaka 2024 ulikata ajira za maelfu ya watu katika tasnia hii, na waliotengeneza kwa Kiingereza peke yake walifukuzwa vile vile. Ninachosema ni kwamba mfadhili anayepitia hesabu za miradi hiyo miwili akitafuta cha kupunguza safari ijayo, ataona mstari wa gharama ulioandikwa "sauti za Kiswahili", atatafuta mapato yanayolingana nao, na hatayaona.

Hatayaona kwa sababu mfumo haumruhusu kuyaona. Unapofungua akaunti ya PlayStation Network, mtandao wa Sony wa kununulia na kuchezea michezo, unachagua nchi. Kwa miaka yote hii, katika bara zima la Afrika, orodha ile imekuwa na Afrika Kusini tu. Kenya haimo, Tanzania haimo, Uganda haimo, Kongo haimo. Mchezaji wa Nairobi hujiandikisha kana kwamba yuko Johannesburg au Marekani, hununua vocha ya nchi hiyo dukani, huingiza tarakimu, na ununuzi wake unaandikwa kuwa wa huko. Wa Dar es Salaam ni hivyo hivyo. Aliyeununua ZAU Arusha akauchagulia Kiswahili amehesabiwa kuwa mteja wa nchi ambayo huenda hajawahi kuikanyaga.

Siku 10 tu baada ya ZAU kutoka, dunia nzima iliiona kasoro hiyo bila kutarajia. Tarehe 3 Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba waliokuwa wakicheza mchezo wake wa Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation Network. Mara ikabainika kwamba zipo nchi na maeneo yapatayo 177 ambako akaunti hiyo haifunguliki, na mchezo ukaondolewa kuuzwa huko. Kelele zilikuwa kubwa hata Sony ikarudi nyuma ndani ya siku chache. Wachezaji wa Afrika Mashariki hawakushangaa. Walikuwa wakiishi hivyo tangu zamani, bila mtu kuwauliza.

Najua jibu litakalokuja: konsoli zenyewe huku ni chache, na wengi hawanunui michezo, wanakwenda banda la gemu. Ni kweli kwa kiasi fulani, na inastahili kutazamwa kwa makini. Katika banda unalipia dakika au mechi. Anayelipia dakika anataka kitu cha watu wawili kinachokwisha upesi, na ndiyo maana soka inatawala mabanda ya Kinondoni hadi Eastleigh. Mchezo wa mtu mmoja wa saa nane au zaidi, wenye kuketi chini ya mbuyu na kuzungumza juu ya marehemu, hauna nafasi pale. Mwenye banda haumlipi, na watoto waliopanga foleni hawatamvumilia anayeucheza. Mchezo wa namna hii unahitaji mashine nyumbani na jioni tulivu.

Lakini wenye mashine nyumbani wapo, wanaongezeka, na hawako Afrika Mashariki peke yake. Wako London, Toronto, Minneapolis, Muscat na Dubai, wenye akaunti halali na kadi za benki zinazokubalika. Ni wazazi ambao watoto wao wanakielewa Kiswahili wakikisikia ila hawakijibu. Kwa watoto hao, mchezo unaozungumza Kiswahili kwa saa nane ni darasa ambalo hakuna shule ya Jumamosi inayoweza kulifikia. Na hao pia hawaonekani, kwa sababu duka linaandika nchi ya mnunuzi, na lugha aliyoisikiliza haiingii kwenye ripoti za mauzo tunazosomewa sisi. Mkenya wa Minneapolis ni Mmarekani kwenye ripoti, Mtanzania wa Johannesburg ni Mwafrika Kusini, na wa Mwanza naye ni Mwafrika Kusini. Lugha yenye wasemaji wanaopita milioni 200 kwa makadirio ya UNESCO, wakiwemo wanaoitumia kama lugha ya pili, inakuja kwenye meza ya mfadhili ikiwa haina mtu.

Mwezi Aprili 2025, ZAU ilipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza katika kundi la michezo inayovuka mipaka ya burudani. Wengi wa walioitengeneza walikuwa wamekwisha kuondoka. Surgent ilipata mshirika mpya, kitengo cha uchapishaji cha Pocketpair ya Japani, na Julai 31 mwaka huo ikatoa Dead Take, mchezo wa kutisha wa kompyuta unaohusu ulimwengu wa filamu wa Hollywood. Nafurahi kwamba studio ipo na watu wana kazi. Ila Kenzera haikurudi, na Project Uso tunayosubiri haijaonekana.

Kuna mambo mawili yanayoweza kufanywa sasa, na hakuna hata moja linalohitaji kusubiri mfadhili mwenye moyo. Sony iongeze Kenya, Tanzania, Uganda na jirani zao kwenye orodha ya nchi za akaunti, ili fedha inayotoka huku iandikwe kuwa imetoka huku. Wizara zetu za mawasiliano, ambazo hukutana na kampuni kubwa za teknolojia kila mara, zina haki ya kuliuliza hilo kwa jina. Na EA, kama inayo idadi ya watu walioucheza ZAU kwa sauti za Kiswahili, iitoe. Hata ikiwa ni ndogo, studio inayofuata ikikaa mbele ya mfadhili kuombea Kiswahili fedha itakuwa na tarakimu ya kuanzia.